Hesabu Vidoleni Kabla ya Kushika Kalamu

Hotuba niliyoitoa kwa darasa la jioni la ushairi, Kirumba, Mwanza. Nimeisafisha kidogo, ila maneno ya watu waliokuwemo ukumbini nimeyaacha yalivyokuwa.

Walimu wenzangu, mama zangu wa soko la samaki la Mwaloni mliofunga meza mapema ili mje huku, na ninyi wanangu mliokaa nyuma mkidhani sizioni simu zenu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwalimu aliyenialika alinipa karatasi ya mada. Vina, mizani, beti, bahari, na kadhalika mpaka chini. Nimeikunja, iko mfukoni. Mada hazina ubaya. Ila nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na nimeona mtoto anakariri neno "tathlitha" kwa ajili ya mtihani, anapata alama yake, anamaliza shule, na hajawahi hata siku moja kusikia beti ikighaniwa, yaani ikisomwa kwa sauti ya wimbo. Jina limekaa kichwani, sikio limebaki tupu. Kwa hiyo leo majina yatakuja yakijisikia. Tuanze na sikio.

Nimekuja na daladala kutoka Buzuruga. Konda alikuwa kijana mwembamba, sauti imemkauka, ananing'inia mlangoni: "Kirumba, Kirumba, twende Kirumba!" halafu anagonga bati, pa-pa. Hakusema "tunaelekea eneo la Kirumba." Angesema hivyo asingepata abiria hata mmoja. Neno lake lina mapigo matatu, ki-ru-mba, analirudia mpaka linakuwa ngoma, na anajua mahali pa kuvuta pumzi. Huyo kijana hajui kuwa kitu anachokifanya vitabuni kinaitwa takriri.

Au chukueni bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Waliofika Bujora siku za sherehe ya Bulabo wameiona: majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, na ngoma chini yake. Ule haukuanza kama mchezo wa kuonyesha wageni. Ilikuwa kazi ya shamba. Watu wengi wakilima bega kwa bega, wimbo ndio unaozuia jembe la mmoja lisimkute mwenzake mguuni. Neno likirefuka kuliko pigo, jembe linachelewa. Wale wazee hawakuwa na daftari la mizani, lakini mizani walikuwa nayo mikononi.

Na mizani ninyi wa Mwaloni mnaijua kuliko mimi. Neno ni lile lile. Sangara anapandishwa kwenye mizani, mshale unasema kweli, au umesemeshwa (mnacheka, mnajua). Katika ushairi kinachopimwa ni silabi. Kila silabi mzani mmoja. Kiswahili kimetupa bahati hapo, kwa sababu karibu kila silabi yake inaishia na irabu, kwa hiyo ukipiga makofi unaposema neno, makofi ndiyo hesabu. Sa-to, mawili. Da-ga-a, matatu. Ka-mo-ngo, matatu.

Penye mtego ni kwenye m na n. Semeni "mwalo." Mwa-lo, makofi mawili. Sasa semeni "mlo." Wangapi wamepiga moja? Ni mawili: m-lo. Ile m imesimama peke yake, haina irabu ya kuegemea, ina mzani wake kamili. N-chi, mawili. M-to, mawili. Halafu kuna jozi ninayoipenda kuwapa wanafunzi: mbuzi na mbunge. Kwa macho yanaanza sawasawa. Kwa sikio, mbu-zi ana mizani miwili, m-bu-nge ana mitatu. Kwa nini? M ya mbunge ni ile ya mtu, mtoto, mvuvi, ni kiambishi kilichokuja kukaa mbele ya neno. M ya mbuzi imezaliwa nayo, imeshikana na b hazitengani. Msiniulize nani kati yao ana uzito zaidi, mimi nahesabu silabi tu.

Maneno yaliyotoka Uarabuni yana tabu yake. Alfajiri, maktaba. Kuna wanaohesabu al-fa-ji-ri nne, kuna wanaosema a-l-fa-ji-ri tano. Watunzi wanaweza kubishana hapo mpaka chai ipoe. Mimi jaji wangu ni koo: nalighani neno, nasikia kama ile konsonanti inadai pumzi yake. Nikighani, l ya alfajiri inadai. Naihesabu. Na nikiona ubishi utakuwa mwingi, natafuta neno jingine nalala salama.

Sasa niwaonyeshe beti moja tangu ikiwa mbichi. Wiki iliyopita niliketi ufukweni giza lilipoingia, mwezi haukuwepo, na mnajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu taa haina la kumwambia dagaa kama juu kumeshang'aa. Usiku ule taa zilitapakaa ziwani kama mji mwingine. Nikaanza kuhesabu vidoleni, kalamu bado:

Usiku huu wa giza, taa ziwani zawaka,
Wavuvi wanajikaza, nyavu majini zashuka,
Dagaa yawapumbaza, nuru wanayoitaka,
Asubuhi wakiuza, deni lote lafutika.

Hesabuni mstari wa kwanza. U-si-ku hu-u wa gi-za: nane. Hapo pana koma, na koma ile ni mahali pa pumzi. Ta-a zi-wa-ni za-wa-ka: nane. Kumi na sita kwa mstari, yaani mshororo, na mishororo yote minne ni hivyo. Kipande cha kabla ya koma kinaitwa ukwapi, cha baada ya koma utao. Sikilizeni vinapoishia: giza, wanajikaza, yawapumbaza, wakiuza. Za, za, za, za. Hicho ni kina cha kati. Zawaka, zashuka, wanayoitaka, lafutika. Ka, ka, ka, ka. Kina cha mwisho, wengine hukiita kina cha nje. Mishororo minne inafanya tarbia, na tarbia ndiyo mkate wa kila siku wa ushairi wetu. Ikiwa miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, mitano takhmisa, sita tasdisa. Majina ya Kiarabu hayo, na ndani yake ni hesabu tu.

Mshororo wa nne ulinisumbua. Mwanzoni niliandika "Alfajiri wakiuza," kwa sababu ndiyo kweli, boti zinarudi alfajiri. Nikaghani, nikajikwaa. Ile l tuliyoisema ilinitia kwenye tisa. Asubuhi ikaja badala yake, nane kamili. Nimepoteza nusu saa ya ukweli nikapata mapigo. Kuna siku ningekataa biashara hiyo, ningepindua mshororo mzima ili alfajiri yangu ibaki. Siku ile niliona asubuhi inatosha, maana deni hulipwa mchana.

Na mshororo wa tatu, tazameni nilivyopindua maneno. Mtu akizungumza atasema "nuru wanayoitaka yawapumbaza dagaa." Nimemweka dagaa mbele na nuru nyuma. Vitabuni wanaiita kuboronga sarufi, jina baya kwa kitu kizuri. Ushairi unaruhusu mpangilio uvunjwe kama maana inabaki na sikio linafaidi. Hapa naona limefaidi, dagaa kapumbazwa kwanza, halafu ndiyo unagundua na nini. Lakini ukipindua kwa sababu tu kina kimekukimbia, msomaji anakujua.

Juu ya vina nina kisa, na kisa hiki kinanihusu mwenyewe. Mimi nimekulia nyumba ya Kisukuma. Nyumbani l na r zilikuwa mtu na nduguye, hakuna aliyeuliza nani ni nani. Nilipoanza ualimu nilipeleka shairi gazetini, beti nane, kwa posta, gazeti lenyewe nisilitaje. Beti ya tatu vina vyangu vya kati vilikuwa: chakula, barabara, kulala, hasara. Mimi nikisoma nasikia wimbo safi. Mhariri akasikia la, ra, la, ra, kama gari lenye tairi mbili za aina tofauti. Akanirekebishia. Kipande changu kilikuwa "tukapate na chakula," nane safi. Akaondoa chakula akaweka biashara: "tukapate na biashara." Hesabuni. Tu-ka-pa-te na bi-a-sha-ra. Tisa! Kina cha hapo kimepona, mizani imevunjika mguu, na jina chini ni langu. Wiki mbili sikwenda chumba cha walimu saa ya chai.

Nilimkasirikia mhariri miaka. Leo nasema nusu ya kosa ni yangu. Kina ni sauti, na sauti ni lazima uisikie kwanza kabla hujaipanga. Wanangu ambao l na r bado zinawapiga chenga, msione aibu, andikeni neno, mpeni mwenzenu alisome kwa sauti, sikilizeni. Mimi mpaka leo namsomea mke wangu. Yeye kazaliwa Tanga, sikio lake kali, na halinionei huruma.

Kitu kingine kuhusu vina: viko vya bei ya jioni. Mnajua sato wa saa kumi na moja jioni anavyouzwa. Ndivyo ilivyo -ni. Ziwani, nyumbani, sokoni, shambani. Karibu kila mahali kwenye dunia hii panakubali -ni. Ukitunga beti kumi za -ni hujatoka jasho. Vinakubalika, nami navitumia, mtaona hivi punde. Ila kina kikianzia nyuma zaidi, silabi mbili badala ya moja, kinalia vizuri. Wanajikaza na yawapumbaza vinashirikiana -aza. Giza na wakiuza vinashirikiana -za peke yake. Sheria haidai zaidi ya hapo. Sikio linadai, na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa pale pale kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huwezi kuacha kuusikia.

Nikitunga beti ya pili, nina njia za kwenda. Nikibadili vina vyote viwili, shairi langu ni ukaraguni. Nikivishika vyote, za na ka, tangu beti ya kwanza hadi ya mwisho, ni mtiririko. Nikikibadili cha kati nikabaki na ka mwishoni, ni ukara. Aina hizi huitwa bahari, na kila ninapolisema neno hilo huku Mwanza naona kuna mtu atasema sisi tuna ziwa. Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila beti ni kibwagizo, ndio ambao hadhira huitikia. Na kuna pindu, ambayo watu wengine huiita mkufu: unachukua kipande cha mwisho cha beti hii unaanzia beti inayofuata. Hiyo nimewaandalia, subirini.

Utenzi ni kitu kingine. Hapo hakuna koma ya katikati, mshororo mmoja ni kipande kimoja, kwa kawaida mizani nane. Mitatu ya kwanza inafuatana kwa vina, wa nne unabeba kina chake mwenyewe, na kina hicho kinashikilia utenzi mzima hata ukiwa na beti mia tano. Sikilizeni:

Mwanza jiji la miamba,
Nyumba juu zimepamba,
Na ziwa linapovimba,
Twasikia mapigoye.

Mapigoye ni mapigo yake. Nimekata kwa sababu "twasikia mapigo yake" ni tisa. Kukata hivyo kunaitwa inkisari. Ukirefusha neno ili lijae ni mazida. Watunzi wa zamani walifanya hivyo bila kuomba radhi. Na utenzi kwa nini ni mfupi wa mshororo? Kwa sababu unasimulia. Tenzi zilizoandikwa kisiwani Pate miaka ya 1700 zilisimulia vita kwa mamia ya beti, na msimuliaji hana nafasi ya kupambapamba, anataka farasi afike.

Sasa kuna neno nalisikia sana kwa vijana wa huku: "Mwalimu, ushairi ni wa watu wa pwani." Ni kweli ulilelewa pwani. Lamu, Pate, Mombasa, Pemba, Tanga, huko ndiko ulikokulia, na mtu anayetaka kutunga bila kuwasikiliza Waswahili wa huko anajinyima. Lakini mwaka 1954 alipotoka mtu akaandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, vina na mizani viwekwe wazi kila mtu avione, mtu huyo alikuwa Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Ujiji iko kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa ziwa! Ngonjera, mashairi ya kujibizana mnayoigiza shuleni, aliyeyavumisha miaka ya 1960 ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mahali ambapo maji yenyewe ni ya kutafuta.

Na aliyezitia moto sheria zile alitoka hapo ng'ambo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Mwaka 1974 diwani yake Kichomi ilitoka, mashairi yasiyo na vina wala urari wa mizani, na wataalamu wakagawanyika mara mbili. Upande mmoja ulisema kisichokuwa na vina na mizani si shairi, ni insha iliyokatwakatwa. Upande wa pili ukasema pingu zimefunguliwa. Ubishi ule uliendelea miaka, na nilipokuwa chuoni ulitugawa hata mezani.

Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na kwa kelele. Nimesogea. Nilichokuja kukiona nilipomsoma tena ukubwani ni kwamba mtu yule alitupa vina, hakutupa sauti. Pumzi ipo, marudio yapo, mstari unakatika mahali unapotaka kukatika. Kinachoniudhi ni kijana anayeniletea karatasi yenye mistari mifupi mifupi, nikimuuliza mbona umekata hapa, ananiambia "ni shairi huru, mwalimu." Huru kutoka wapi, kama hukuwahi kukaa ndani? Kwanza nipe tarbia moja iliyosimama, halafu uivunje tuone ulichokivunja.

Sauti, basi, si vina peke yake. Lugha yetu ina maneno ambayo ni sauti tupu. Jiwe likidondoka majini ni chubwi. Mtu akinyeshewa amelowa chapachapa. Giza la usiku wa dagaa ni giza totoro. Tanakali hizo zinafanya kazi ya sentensi nzima kwa mizani miwili, mitatu au minne, na mtunzi anayehesabu vidoleni anajua hiyo ni nafuu kubwa. Halafu konsonanti zinazorudiwa. Katika "taa ziwani zawaka" nimepanga z mbili zikifuatana, ziwani, zawaka; kwangu zinafanya mlio wa karabai inayochemka. Huenda ninyi hamuusikii. Vijana wengi siku hizi wanavulia taa za sola, hazilii chochote.

Haya, pindu. Beti yangu iliishia "deni lote lafutika." Beti ya pili nimeanza hivi:

Deni lote lafutika, jingine li mlangoni,

Ji-ngi-ne li m-la-ngo-ni. Hiyo m nimeihesabu, nane. Kina cha kati sasa ni ka, cha mwisho ni hiyo -ni ya bei ya jioni, nimewarahisishia. Mishororo mitatu iliyobaki ni yenu. Vidole kwanza. Kalamu wekeni chini, ndiyo, na wewe.

Kimya kilikuwa kirefu, watu wakinong'ona na kukunja vidole. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja wa dagaa, kanga begani:

Nyavu tena zachanika, fundi wangu yu sokoni.

Ukumbi ulipiga makofi, nami nikapiga makofi ya kuhesabu. Nane na nane. Kijana wa nyuma, aliyekuwa na simu, akainuka:

Mwanangu shule ataka, ada haimo mfukoni.

"Nane na nane," akasema, akataka kukaa. Binti wa sare ya shule, mbele kabisa, akageuka. "Kaka, mfukoni ni nne. M-fu-ko-ni. Una tisa." Kijana akahesabu upya kwa sauti, ukumbi mzima ukahesabu naye, na kidole cha tisa kikainuka.

"Basi niweke nini?"

"Sema nyumbani," mama wa dagaa akajibu. "Ada haimo nyumbani."

"Lakini mama, hela si hukaa mfukoni?"

"Ya kwako."

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo. Mshororo wa nne tukauacha hadi Alhamisi.